Vitabu vya Kufungia Karanga

Wakati wa vita, mji wetu wa Bunia, mashariki mwa Kongo, ulipobadilisha wenye kuushika hata tukachoka kuuliza nani anatawala, magari ya mizigo yaliacha kufika na karatasi ikaadimika sokoni. Wauza karanga wakaanza kufungia kwa vitabu. Vilitoka kwenye nyumba za watu waliokimbia. Ukurasa ulichanwa, ukakunjwa pembe, ukajazwa. Niliwahi kutafuna karanga huku nikisoma mwanamume akimwomba mkewe msamaha, na hadi leo sijui kama alisamehewa. Ukurasa uliofuata alipewa mteja mwingine.

Niliwaka. Nilikuwa na miaka ishirini, nikiandika riwaya yangu ya kwanza kwenye madaftari ya shule, na kila mchano wa karatasi niliusikia kwenye ngozi yangu. Nikaanza kununua. Mama mmoja wa karanga, aliyekaa kwenye lango la soko, alinijua upesi.

"Prof! Kuya, prof! Leo iko moja nene kama tofali."

"Usichane, mama. Nanunua yote."

"Yote? Na karanga yangu nitafunga na nini, na ngozi yako?"

Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Nilinunua vyote.

Nyumbani mama alinituma chumvi, nikarudi na vitabu. Alinituma mafuta ya mawese, nikarudi na vitabu. "Siku tutakimbia tena," aliniuliza, "utabeba miye ao utabeba hii?" Nikaapa kuacha. Nilivumilia siku nne. Siku ya tano nilipita sokoni kwa sababu, nilijiambia, njia nyingine ina kizuizi cha askari. Haikuwa na kizuizi chochote.

Mama wa karanga alikuwa ameniwekea rundo. Nilifungua cha juu nikakuta muhuri wa shule yangu ya sekondari, iliyo kwenye barabara ya kwenda Marabo. Nilifurahi! Nililipa bila hata kubishana bei.

"Ukilipa hivi," alisema, "vijana walioleta hivi watarudi kule shule."

Nilisikia. Nisije nikajidai baadaye kwamba sikusikia.

Jumapili, watu wakitoka ibadani, mzee aliyelinda maktaba ya shule alibisha mlangoni kwetu. Hakujua kusoma, lakini tulipokuwa wanafunzi alijua kila kitabu kwa rangi ya mgongo wake, na ukichelewa kukirudisha alikufuata hadi uwanja wa mpira. Sasa jicho lake moja lilikuwa limevimba, limefungwa.

"Waaskari walibeba mabati," alisema. "Walibeba magodoro. Vitabu walivipita tu kama majani, kila mara. Sasa vijana wanakuya, wananipiga: fungua, muzee, iko mutu mu mji analipa muzuri." Alikuwa ameona rundo nyuma yangu, migongo yote anayoifahamu. "Kumbe ni weye."

Nilimwambia avichukue vyote, sasa hivi, nitambebea mwenyewe.

"Nitaviweka wapi? Mulango walivunja. Acha kununua tu, mwanangu. Iko bado rafu mbili. Ukiacha, watachoka."

Aliondoka bila kunywa maji niliyompa. Nilibaki nimesimama na kikombe, nikiwachukia vijana wale, nikimchukia mama wa karanga, nikiwachukia wenye bunduki wote waliotufanya tuishi kwa kuchana. Ilikuwa rahisi kuwachukia. Rahisi kupita kiasi.

Jumatatu nilikwenda sokoni kumkemea mama wa karanga. Nilipiga kelele mbele ya watu. Nilimwita mwizi. Alinisikiliza huku akikoroga karanga kwenye chungu.

"Umemaliza?" akauliza. "Miye niliuza karanga mbele ya vita, ninauza karanga mu vita. Nani aliniambia kitabu iko na bei? Ni weye, prof."

Kisha akatoa chini ya gunia kitabu chenye jalada la kijani, muhuri uleule ndani, akakifungua katikati na kuushika ukurasa kwa vidole viwili. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri chungu kichemke.

Ningeweza kugeuka. Rafu mbili zilikuwa bado zimesimama, na nilijua zitabaki zimesimama nikigeuza mgongo tu, lakini sikuweza kuugeuza. Nililipa. Nikakiweka kwapani, hasira bado haijaniisha, na kabla sijapiga hatua nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukimwuliza kama kesho atapata vingine.