Bahati Nasibu ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, hajawahi kufanya kazi ya kutoa jasho. Kazi yake ni mdomo. Mtaa mzima unamwita Bahati Yako, maana ndivyo anavyobweka na kipaza sauti chake pale sokoni: "Bahati yako, mama! Bahati yako, mjomba! Tiketi moja, friji nzima!" Na watu wananunua. Watu bwana! Ukiwaambia mvua ya kesho inauzwa leo, watapanga foleni.

Friji yenyewe naijua kuliko sufuria zangu. Ina mkwaruzo ubavuni, na kila bahati nasibu inashindaniwa hiyo hiyo. Siku ya kuchezesha, shemeji alikuwa anamwaga kwenye pipa tiketi zilizouzwa pamoja na zile zilizomdodea, na zilizomdodea daima zilikuwa nyingi zaidi. Namba inatoka, anaita, anaita tena, hakuna mwenyewe. "Mshindi hayupo, jamani! Tutamtunzia!" Friji inapandishwa mkokoteni, inarudi sebuleni kwa dada na nailoni yake. Haiwashwi. Ukiigusa tu, shemeji anaruka: "Mali ya umma hiyo!" Ebo! Umma gani unaolala chumba cha pili?

Wa kuhurumiwa ni dada. Yeye ni fundi wa nguo, na cherehani yake, aliyoachiwa na marehemu mama, ilikufa ikiwa na sare za watoto wa watu mezani. Akawa anashona kwa mkono, na macho yake si ya usichana tena. Wateja wakaanza kumkimbia mmoja mmoja. Siku moja shemeji akaingia na cherehani mpya, nyeusi, inang'aa. Dada akaipapasa, machozi yakimlengalenga.

"Usiizoee," mumewe akamwambia. "Hiyo ni zawadi ya bahati nasibu."

Nilisonya mpaka jirani akachungulia dirishani.

Safari hii lakini serikali ilikuwa imeshamstukia. Afisa wa michezo ya kubahatisha, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, alimwita ofisini akamsomea masharti. Shemeji alitoka huko amenywea. Kesho yake akaibuka sokoni na kibali ndani ya fremu, amekitundika kwenye pipa. "Mimi ni mtu wa sheria!" Mtu wa sheria, yeye! "Tiketi isiyouzwa haiingii humu! Afisa mwenyewe atakuwepo!" Hayo aliyatangaza kwa sababu yanauza tiketi. Masharti yasiyouza aliyameza.

Dada akanunua tiketi kwa muuza magazeti aliyekuwa akimsaidia shemeji kuziuza. "Mara hii ni ya haki, mdogo wangu," akaniambia. "Nikiipata, sirudi tena kutoboka vidole." Nikamwombea, mimi ambaye siamini bahati nasibu hata kidogo.

Siku ikafika. Soko lilijaa. Afisa akamteua kinyozi, akamfunga kitambaa machoni, akamkunjisha mikono ya shati. Kinyozi akachovya mkono, akatoa tiketi, shemeji akaisoma kwa mbwembwe zake zote. Nyuma ya umati mkono ukainuka, vidole vimejaa alama za sindano. Dada! Nilipiga vigelegele mpaka koo likawasha.

"Mkewe huyo!" mtu akapaza sauti. "Kumbe ni yale yale!"

Shemeji akamtazama mkewe, akamtazama afisa, akaona kibali kinamponyoka. Akashika kipaza sauti. "Jamani! Sheria hairuhusu! Mchezeshaji na watu wa nyumbani kwake hawashindi. Siwezi kupindisha sheria hata kwa mke wangu!"

Na mijitu ikampigia makofi. Huyo huyo aliyewazungusha na friji moja! Nilitamani nimvue kiatu kinyozi nimrushie shemeji.

Dada akasogea mbele. "Ulijua?"

"Nilijua. Ilinipitia tu kukwambia."

Afisa alikuwa na huruma usoni, lakini sheria ni sheria. "Ni kweli, mama. Utarudishiwa pesa yako. Zawadi, hapana."

"Na aliyeachana na mumewe?" dada akauliza.

"Huyo anaruhusiwa. Ila si kwa mchezo wa leo."

"Haya. Chezesheni."

Wakachezesha upya. Cherehani ikaenda kwa muuza mkaa, ambaye kutunga uzi tu ni mtihani kwake. Dada alisimama pale hadi mwisho, kisha akaenda nyumbani, akafunga nguo zake, akaja kwangu. Wazee wa pande zote mbili waliitwa, walibembeleza, walichoka. Akaachwa kwa taratibu zote.

Bahati nasibu iliyofuata ilikuwa ya friji, ile ile yenye mkwaruzo. Asubuhi ya kwanza ya kuuza tiketi, dada alikuwa mbele ya foleni, nami nyuma yake.

"Tiketi moja," akasema. "Nikiipata nitaiuza, ninunue cherehani."

Shemeji akainama kunong'ona, akasahau kwamba kipaza sauti kinawaka. "Mke wangu, watu wanatuangalia," soko zima likasikia.

Dada akakisogelea kipaza sauti.

"Mkeo nani?" akauliza. "Nipe tiketi yangu."