Kifuniko Kilichoonekana Kwenye Miwani Tu

Nilikuwa nimefanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha biskuti Industrial Area, nikienda kwa miguu kutoka mtaani Gatwekera, siku waliponiita ofisini kuvaa miwani.

Ilikuwa mikubwa, ikifunika macho yote. Mhandisi, mwanamke mpole aliyetumwa na kampuni ya kompyuta, alinieleza kwamba wametengeneza pacha wa kiwanda chetu ndani ya kompyuta. "Ukivaa utatembea humo, uone kila mashine ikifanya kazi," alisema. "Mkiona tumekosea, mtuambie."

Nikavaa. Nikajiona nimesimama kwenye laini yetu, mkanda unatembea, na mbele yangu rola zangu za kukanda unga zikizunguka chini ya kifuniko cha chuma.

Hicho kifuniko wakubwa wa kiwanda walikuwa wamekitoa mwaka uliotangulia, eti kinachelewesha usafi. Haukupita mwezi, rola zikala vidole viwili vya rafiki yangu, mama wa Kawangware niliyekuwa nikisimama naye kila siku. Meneja aliandika kwamba hakuwa makini. Hakuitwa tena kazini.

"Hapa mmekosea," nikasema. "Hiki kifuniko hakipo."

Meneja alikuwa nyuma yangu. "Mathe," akasema, kama wanavyoita mama yeyote pale kiwandani, "hiyo ni picha tu. Wameitoa kwenye michoro ya mashine."

"Ameuliza kama wamekosea. Namjibu."

Nikavua miwani, nikamshika mhandisi mkono, nikampeleka mpaka kwenye laini. Nikamwonyesha matundu ya skrubu yaliyobaki wazi, nikamwambia ni nani aliyeumia hapo. Kisha akafungua kompyuta yake, akakifuta kifuniko kwenye picha.

"Sasa iko vile iko," akamwambia meneja. "Wenye kiwanda wakija kesho kuangalia, wataona hivi."

Ndipo fundi akaitwa mbio. Kifuniko kilikuwa stoo muda wote huo, nyuma ya magunia ya sukari. Alikifunga kabla ya chakula cha mchana. Mimi nikapewa barua ya onyo kwa kuacha mashine yangu.

Jumapili nilienda Kabiro, huko Kawangware, kumwambia rafiki yangu. Alikuwa anamenya viazi, akivibana kwa vidole vilivyobaki.

"Kukirudisha kumechukua muda gani?" aliuliza.

"Nusu saa."

Akaweka kisu chini. Alinimiminia chai, lakini kwa hasira sikuinywa.