Koti la Mifuko Minne

Mama Pindo alikuwa mshonaji wa mavazi ya maigizo, na kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa katika chumba kilichokuwa nyuma ya jukwaa la ukumbi wa mji. Chumba chenyewe kilikuwa finyu, ukitaka kufungua mlango sharti kwanza usogeze kiti. Humo mlikuwa na cherehani ya kukanyaga, pasi, mkasi ambao ole wako uukatie karatasi, na makasha ya nguo za wafalme, wezi, mahakimu na maharusi, zote kazi ya mikono yake. Siasa hakuwa na habari nayo. Akiulizwa anampigia nani kura, husema, "Yule ambaye suruali imemkaa."

Mwaka ule kikundi kiliandaa mchezo wa mkuu wa kijiji aliyeuza kisima cha watu wake. Mtunzi, mwalimu mstaafu ambaye wote walimwita Chaki, alimwomba koti la mifuko mikubwa, maana mkuu huyo kila anachopewa hukididimiza mfukoni. Mama Pindo akakata pazia kuukuu la kijivu, akatia bitana, akabandika mifuko minne, kila mmoja unameza mkate mzima. Fundi bomba aliyeigiza mkuu alipolivaa, wenzake walicheka hadi wakakaa chini.

Siku tatu kabla ya onyesho akaja ofisa wa utamaduni kukagua mazoezi. Koti lilipotokea tu jukwaani, akainua mkono.

"Simamisheni! Hilo koti nani kalishona?"

"Mimi," Mama Pindo akajibu, akitema pini kiganjani.

"Unamjua anayevaa koti la kijivu la mifuko minne?"

Nani asiyemjua? Picha ya Mheshimiwa ilikuwa juu ya mlango, akiwa ndani ya koti lake hilo. Mama Pindo aliitazama kwa jicho la ufundi, kwa mara ya kwanza tangu itundikwe.

"Ya kwake midogo," akasema.

Fundi bomba alijitahidi kukohoa, kicheko kikamponyoka. Ofisa akamvua koti lile kwa mkono wake mwenyewe, akalikunja, akasema ni ushahidi.

Kesho yake Mama Pindo akaitwa ofisini. Alipewa karatasi iliyokwisha kuandikwa: yeye, mshonaji, aliamriwa na mtunzi ashone koti la kumdhihaki Mheshimiwa.

"Tia sahihi, mama, urudi kwenye shughuli zako," ofisa akasema kwa upole. "Wewe hatuna shida nawe."

Aliisoma mara mbili. "Maneno haya ya nani?"

"Yako."

"Nimeyasema lini?"

"Utakuwa umeyasema ukishatia sahihi."

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Angetukanwa angestahimili, lakini kutiliwa maneno kinywani kama mtoto anayelishwa uji, mtu mzima mwenye wajukuu!

"Mimi nashona vipimo, bwana, sishoni majina. Chaki aliniambia mifuko mikubwa, basi. Kama mifuko mikubwa ni jina la mtu, aliyempa jina hilo ni wewe." Akaisukuma karatasi, akainuka.

Nyumbani wifi yake alishika kichwa. "Wifi, mwenye nguvu mpishe. Si wino tu?"

"Wino huo ungemfunga mwenzangu."

"Chaki ndugu yako?"

"Mpaka awe ndugu yangu ndiyo iwe haramu kumzulia?"

Wifi akaenda kutazama sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Onyesho lilifanyika bila koti. Fundi bomba alitoka na fulana, na kila alipohongwa alikitumbukiza kitu hewani, pale ambapo mfuko ungekuwa, kikaanguka sakafuni, naye akajipigapiga ubavu kwa kuridhika. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, wakaanza kupiga makofi kwa hasira, makofi mazito kama ya mtu anayegonga mlango kudai deni lake. Asubuhi ukumbi ulikutwa na kufuli na tangazo: Umefungwa kwa matengenezo. Cherehani ya Mama Pindo na makasha yote vilibaki ndani.

Kuanzia hapo kila Jumatatu alikwenda ofisini kudai vitu vyake. Njoo wiki ijayo. Ofisa hayupo. Faili halionekani. Jumatatu ya saba palikuwa na baridi, na getini alimkuta mlinzi amejikunyata ndani ya koti la kijivu. Mifuko minne! Mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine redio.

"Baba, hilo umelitoa wapi?"

"Nilipewa na mkubwa," mlinzi akasema, akiona haya bila kujua kosa lake. "Eti lilikuwa limekaa bure stoo."

Mama Pindo hakungoja kukaribishwa. Aliusukuma mlango wa ofisa, mbele ya watu watatu waliokuwa wakisubiri mihuri.

"Juzi koti lile lilikuwa tusi kwa Mheshimiwa. Leo linalinda geti lako! Ama tusi limekwisha, ama halikuwapo. Lipi?"

Ofisa alifungua droo, akaifunga. Mmoja wa waliokuwa wakisubiri akaguna. "Nenda kachukue cherehani yako," ofisa akasema hatimaye, bila kumtazama.

"Na koti mwachie mlinzi. Yeye ana baridi kweli."

Siku hiyohiyo Chaki na fundi bomba waliitoa cherehani kwa mkokoteni, pamoja na makasha mawili. Mengine waliyaburura hadi nje yakiwa yameloa kwa paa linalovuja, nguo zimeota ukungu. Mama Pindo alizifukua moja moja palepale barabarani, akilia kwa ghadhabu, wapita njia wakisimama kumtazama.

Sasa kikundi huigiza Jumamosi alasiri katika uwanja wa seremala, watazamaji wakikalia mbao. Ukumbi ungali na kufuli, na hakuna aliyemwona hata mwashi mmoja akiingia. Mama Pindo akipita hapo husimama, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara matengenezo yamefika wapi. Mwanzoni wenye maduka walikuwa wakiinamisha vichwa wasionekane wamesikia. Siku hizi wanauliza pamoja naye.