Jembe Lililokuwa Juu ya Mlango wa Bibi

Juzi nilipita Majengo kununua sabuni, nikaona dukani jembe kuukuu limetundikwa ukutani kama picha ya harusi. Muuzaji akaniambia kwa majivuno, "Mama, hili lilikuwa la chifu." Nilicheka mpaka akaniangalia vibaya. Ngoja nikusimulie kwa nini.

Kijijini kwetu Pito, kule juu milimani, enzi za Mwingereza, tulikuwa na jembe kama lile juu ya mlango wa nyumba ya bibi. Pana, zito, halina mpini. Baba alituambia chifu alimzawadia babu kwa ushujaa wake vitani. Baba mkubwa alisema hivyo hivyo, ila akaongeza kwamba zawadi ya shujaa ni ya mtoto wa kwanza. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Ndugu wale wawili wakaacha kula pamoja, na mimi nikakatazwa kucheza na dada yangu, binti wa baba mkubwa, niliyezoea kulala naye mkeka mmoja.

Tukaamua kuutafuta ukweli wenyewe. Tulijiambia kwamba tukiijua vita ile na maneno ya chifu, wazee wetu watapatana. Siku bibi alipokwenda kupura ulezi, tulipanda juu ya kinu, tukalishusha jembe na kulisugua kwa majivu. Chini ya kutu ikatokea alama kama mguu wa kuku. Dada alinifinya mkono kwa furaha. Tulidhani ni alama ya chifu!

Bibi hakujali makatazo ya wanawe. Wakati wa mavuno ya mpunga alitutwisha maharage sote wawili, tukateremka naye bondeni hadi Ilemba kwa mdogo wake. Njiani mawe yaliteleza, joto likazidi kila tulipoteremka. Tulipofika tulipiga magoti, "Shikamoo bibi," tukapewa wali na samaki wa kukaushwa. Nilikuwa bado natafuna nilipoliona: jembe jingine, limeegemezwa ukutani, lina mguu wa kuku ule ule.

"Bibi, na wewe ulipewa na chifu?" dada akauliza.

"Chifu yupi?" Yule bibi alicheka mpaka mchele aliokuwa akipepeta ukamwagika kutoka kwenye ungo. "Baba yetu ndiye aliyeyafua majembe haya. Chuma alikiyeyusha mwenyewe kwenye tanuri la udongo kule juu, akatia alama yake. Kila binti alipoolewa alipewa lake."

Nikamgeukia bibi yetu. "Mbona hukusema?"

"Wanagombania nani alichukue," akajibu. "Nani ameniuliza limetoka wapi?"

Safari ya kurudi ilikuwa ya kupanda mlima, lakini mimi na dada tulitamani kukimbia. Tulifika jua likizama. Bibi akawaita wanawe, akatuambia tuseme. Tukasema kwa pamoja, tukikatizana. Baba aliinamisha kichwa. Baba mkubwa akajikuna kichwa, akauliza,

"Sasa ile vita, mama?"

"Baba yenu alikuwa anaogopa hata jogoo," bibi akasema. "Lakini alikuwa mkulima hodari, na alilima kwa jembe langu. Nataka mpini."

Asubuhi yake ndugu wale walikwenda pamoja kukata mti, wakarudi wakibishana kwa vicheko. Mvua zilipoanza, bibi aliinua tuta la kwanza kwa jembe lile. Alilima nalo msimu baada ya msimu, likalika mpaka likabaki dogo kama kiganja, kisha sikuliona tena. Tanuri la udongo lilikwishayeyuka kwa mvua, na majembe ya dukani yakaenea kila nyumba.

Watu hunihurumia nikiwaambia hatukulitunza. Mimi sisikitiki. Ninachokikumbuka kwa uchungu ni chakula cha mchana wa siku ile ya kuchonga mpini: ugali wa ulezi unafuka moshi, baba na baba mkubwa wana vumbi la mbao kwenye nywele, wananyang'anyana kipande cha mwisho cha samaki, na mama yao anawacheka. Wote hawapo sasa. Ningeweza kurudishiwa saa moja tu, ningeichagua ile.