Rawhiya Kwenye Meza ya Rahmani

Miaka nenda miaka rudi Rawhiya alikuwa akisema atajitolea kwenye meza ya Rahmani, ile inayotandikwa kila Ramadhani kwenye kichochoro chao cha Shubra ili mpita njia yeyote afuturu bure. Na kila mwaka mwezi uliisha yeye akiwa karakanani, anashona nguo za sikukuu za watoto wa watu. Safari hii alimbana tajiri wake mpaka akamruhusu kutoka mapema kabla ya magharibi. Akaenda mbio, mkoba begani, nyuzi bado zimemng'ang'ania kwenye baibui.

Mwenye meza alikuwa Haji Shehata, yule wa bucha. Alimpa aproni na sharti moja.

"Hapa hatujuani, dada yangu. Anayekaa ni mgeni wa Mungu, basi. Hata akikaa baba yako mzazi, humtambui. Weka sahani, sogea."

"Kwani mimi mtoto, Haji?"

Si mtoto, lakini ana mdomo. Rawhiya ni mwanamke wa kusalimia mtaa mzima kutoka dirishani, na kunong'ona hajawahi kujifunza. Siku ya kwanza alijikaza, Mungu anajua alivyojikaza. Siku ya pili, akiwa amebeba sinia la bamia, alimwona mwishoni mwa meza mzee wa koti na tai, kainamisha kichwa.

"Ustadhi Fikri!" akapaza sauti, furaha tupu. "Mwalimu wa mwanangu! Karibu, karibu! Leo nakupakulia mwenyewe!"

Meza nzima ikageuka. Ustadhi Fikri, mwalimu mstaafu aliyekaa peke yake ghorofa ya juu ya Rawhiya tangu mkewe afariki, aliinuka polepole. Akasema alikuwa akipita tu, kuna mtu anamtafuta. Akafunga kifungo cha koti, akaondoka, na adhana ikalia akiwa amewapa mgongo. Sahani yake ilibaki pale na hakuna aliyeigusa.

Haji Shehata hakumkemea. Alimtazama tu, na afadhali angemkemea.

Kesho yake Rawhiya akaona atengeneze alipoharibu. Alijaza sufuria wali na kuku, akapanda ngazi, akabisha hodi. Mzee alifungua mlango kidogo, tai shingoni.

"Ahsante, mama Hani. Mimi nimeshafuturu. Wapelekee wenye shida."

Na magharibi ilikuwa haijaingia. Mzee ambaye hajakula mchana wa Ramadhani tangu utotoni alijisingizia kula mchana, ili tu asipokee sufuria ile. Rawhiya alikaa kwenye ngazi akalia. Ameomba ruhusa kazini ili alishe wafungao, na matokeo yake amemfukuza mmoja mezani na njaa yake.

Akarudi kwa Haji. "Nimemvua nguo mzee wa watu, Haji. Hatarudi tena. Atakufa na njaa huko juu, na dhambi ni yangu."

"Ndiyo, umemvua," alisema Haji, anakata nyama wala hainui macho. "Sasa vua aproni."

"Unanifukuza?"

"Nakukaribisha. Kesho njoo ukae ule."

"Mimi? Nina jiko nyumbani! Watu watasema nimefilisika!"

"Waache waseme. Na ukishakula, kuna masufuria ya kuosha kule nyuma. Hayo hata ukiyaita kwa majina hayakimbii."

Kesho yake akaja, akakaa ubavuni mwa dereva wa teksi asiyemjua, mbele yake kikombe cha ukwaju. Tusidanganyane, kutoa ni rahisi; kazi ni kukaa pale mikono mitupu ukingoja sahani huku majirani wanakuona. Masikio yalimwaka moto. Na aibu haikuchelewa kumletea Inayat, jirani wa upande wa pili, aliyeinama kwenye roshani yake akapiga kelele:

"Rawhiya! Weee! Kulikoni? Karakana imefungwa?"

Kichochoro kizima kikatega sikio. Ndipo akamwona Ustadhi Fikri, amesimama karibu na pazia la kitambaa lililozungushiwa meza, mkate mmoja mkavu kwapani, akiwa njiani kwenda kwake. Rawhiya alinyanyua kichwa. Halafu akajibu kwa sauti ileile ya dirishani.

"Haijafungwa! Nimechoka na nina njaa! Na wewe shuka ule, acha umbea!"

Watu wakacheka. Hakumtazama mzee. Alikodolea macho ukwaju wake, akiomba kimoyomoyo miguu ile isiende.

Adhana ikalia. Benchi upande wa pili likalalamika kwa uzito wa mtu.

"Sogeza mkate, mama Hani."

Akausogeza, jina la mzee hakulitaja. Ustadhi Fikri alianza na tende, kisha wali, kisha akachovya mkate kwenye mlenda, akatafuna kwa makini na kukunja uso.

"Kitunguu saumu kimezidi," alisema. "Mwambieni mpishi." Kisha akainua sahani yake ili aongezewe.

Rawhiya alishusha pumzi aliyoibana siku zote hizo, akainamia chakula chake, akala huku machozi yakimdondokea kwenye wali.