Ufunguo Nilioenda Nao Lodwar

Hii siisimulii kwa raha, ni nyinyi mmenichokonoa. Aibu yenyewe imezeeka na bado inanichosha.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mtu wa kompyuta wa shirika moja kwenye kambi ya Kakuma, na Majok, karani wetu wa kuandikisha wakimbizi (Msudani mpole sana, lakini mikono haitulii), alikuwa amefuta faili moja ya mtambo kwa kujaribujaribu tu, nikahangaika siku mbili kuirudisha. Nikachoka, jamani. Nikazipiga kufuli faili zote muhimu, kuanzia ile ya majina na pasiwadi za watumiaji, zisibadilishwe hata na mimi msimamizi wa mtambo, halafu kile kiprogramu cha kufungulia nikakitoa kwenye mashine, nikakitia kwenye disketi, disketi mfukoni (akili nyingi hizo!), nikapanda msafara wa asubuhi kwenda Lodwar kutafuta betri.

Kesho yake Majok akalazwa na malaria. Karani wa kumshikia nafasi ilibidi aingizwe kwenye mashine kwanza, mashine ikakataa katakata maana faili ya majina ilikuwa imefungwa, na nje kulikuwa na familia zilizofika jana yake tu, na bila kuandikishwa hakuna kadi, bila kadi hakuna chakula.

Bosi akaniita kwa redio, na redio ile kila ofisi kutoka Lodwar hadi Loki, kule mpakani na Sudan, inasikiliza.

"Ufunguo uko wapi? Ova."

"Uko... mfukoni mwangu. Ova."

Halafu mtu fulani, sijui wa ofisi gani, akacheka hadi akakohoa, bila kuachia kitufe.

Msafara wa polisi ulikuwa umeshaondoka, na barabara ile ya majambazi hupiti peke yako, kwa hiyo nikangoja hadi kesho yake. Nilipofika Kakuma zile familia zilikuwa bado zimeketi nje ya ofisi kwenye vumbi. Hata mlinzi wetu, mzee wa Kiturkana ambaye hakosi kunisalimu "Ejok!", alifungua geti akaangalia pembeni. Nikaingiza disketi, nikaandika mstari mmoja, nikabonyeza, kwisha.

Mama mmoja Mkongomani alikuwa amesimama dirishani, mtoto mgongoni, ananitazama.

"Ni hii tu?" akauliza. "Mutoto wangu alilala na njala juu ya hii tu?"

Kufuli bado napiga, faili za mtambo haziachwi wazi, lakini ufunguo siondoki nao tena: namwachia anayebaki, hata akiwa Majok.