Prof Anaclet na Daftari la Kufanana na Kutofautiana

Mara ya kwanza Prof Anaclet kuingia depo yangu, alinunua mabati matatu bila kuomba punguzo. Nauza mabati hapa Bunia, manjanja tunavyoyaita siye, miaka kumi na saba sasa, tangu nilipofika kutoka Butembo na mifuko miwili ya misumari, na sijawahi kumwamini mteja asiyeomba punguzo. Mtu wa namna hiyo ama pesa si yake, ama kesho atarudi na malalamiko.

Alisimama mbele ya mirundo miwili, akaigusa yote kwa kidole.

"Mama, hii na ile, iko na tofauti gani?"

"Hakuna tofauti, Papa. Ni kitu kimoja."

"Sasa mbona bei iko mbili?"

Nikamwangalia vizuri. Shati limepigwa pasi, kola imechakaa, kalamu tatu mfukoni. Mwalimu.

"Ile iko muzito kidogo," nikasema.

"Basi iko tofauti."

"Tofauti kidogo."

"Mama, kitu kikiwa tofauti kidogo, si kitu kimoja."

Nikangoja aanze kushusha bei, maana njia ya kushusha nilikuwa nimemfungulia mwenyewe. Hakushusha. Alilipa nilichotaja, akafunga mabati yake kwenye pikipiki, akashukuru. Siku nzima nilijilaumu kwa nini sikutaja kubwa zaidi.

Baadaye nikasikia habari zake. Alifundisha Kiingereza sekondari upande wa Gety hadi vita vikawatoa, yeye na mke na watoto watano. Hapa mjini alipata chumba cha mbao nyuma ya kanisa moja la Nyakasanza, akawa anafundisha vijana wanaotafuta kazi katika mashirika. Habari hiyo ilinifaa. Muzee wa Kampala aliyekuwa akinitumia mabati kwa mashua hadi Kasenyi, bandari yetu ya Ziwa Albert, alijua Kiswahili cha soko, lakini alikuwa amechoka, biashara akamwachia binti yake. Binti amesoma, na Kiswahili hataki. Alikuwa ananitumia sauti kwa WhatsApp, Kiingereza kitupu, na miye najibu "yes, yes" huku naomba Mungu. "Yes" moja iliniletea mabati ya bluu mwezi ambao Bunia nzima haitaki bluu.

Basi nikamwita Prof. Yeye anahitaji mabati ya kuezeka jiko, miye nahitaji masomo. Akasema masomo thelathini kwa mabati manane. Nikasema arobaini. Akasema thelathini. Nikasema thelathini na tano, na chai juu. Akasema chai iko muzuri, lakini masomo ni thelathini. Nikafanya inavyofanywa: nikanyanyua mabega, nikampa mgongo, nikatembea hatua tano polepole ili aniite.

Hakuniita.

Nikatembea hatua mbili zaidi. Nilipogeuka, alikuwa anasoma maandishi ya mfuko wa saruji. Nikarudi mwenyewe kwa miguu yangu, ndani ya depo yangu mwenyewe, mbele ya wateja, nikasema thelathini. Aibu hiyo soko halikuwa limenipa tangu nizaliwe.

Tulikuwa tunasoma saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla sijafungua. Darasani nilikuwa mzee kuliko wote. Siku ya kwanza nilitegemea kujifunza "punguza bei" na "mashua inafika lini". Prof akagawa ubao katikati, akaandika neno moja kushoto, na adui wake kulia. Nene, nyembamba. Nzito, nyepesi. Sawa, tofauti.

"Kila neno iko na adui yake," akasema. "Ukijua adui, neno haitakukimbia."

Hilo nilikubali, lina akili ya soko ndani yake. Tabu ilianza juma la pili, alipofungua daftari lake kubwa lenye jalada la plastiki. Kurasa zote zina safu mbili: huku kufanana, huku kutofautiana. Misemo ya Waingereza, mistari na mistari, kwa mwandiko wa mtu aliyeandika bila haraka.

"Vitu viwili vikiwa mbalimbali kabisa," akasema, "Muingereza anasema 'chalk and cheese'. Chaki na fromage, jibini."

"Prof, chaki na fromage vinafanana. Vyote vyeupe, vyote vinavunjika, vyote vinaacha unga mu mikono."

Darasa likacheka. Plamedie, msichana anayetafuta kazi ya mapokezi, akageuka: "Mama Mbambu, chaki uliisha kuionja?"

"Weye nyamaza. Fromage unayouziwa pale sokoni, unajua iko na nini ndani?"

Prof akagonga ubao. "Mama, hatuko tunatengeneza Kiingereza. Tunajifunza."

"Waseme maharagwe na misumari. Kila mutu ataelewa."

Kesho yake akaleta kufanana: petit pois mbili, njegere, ndani ya ganda moja. Hapo nilisimama kabisa.

"Miye natoka Butembo, Prof. Petit pois nimezichambua kabla sijajua kusoma. Fungua ganda: ya katikati nene, ya pembeni kadogo kama jicho ya panya, ingine iko na mududu. Nani alikudanganya zinafanana?"

"Njo vile wanasema, Mama."

"Basi hawakuwahi kuchambua."

Siku ya matofaa na machungwa, vitu ambavyo Muingereza anasema havilinganishwi, sikubishana. Nilikuwa nimechoka. Masomo tisa yalikuwa yamekwisha, jiko lake limeezekwa tayari, na miye bado siwezi kumuuliza binti wa Kampala mashua iko wapi. Badala yake nilipewa kazi ya nyumbani: sentensi kumi kulinganisha majirani wawili. Nina jirani Godelive anayeuza maharagwe na jirani mwingine anayeuza maneno ya watu. Sentensi kumi za nini?

Nikambana baada ya somo. "Prof, kwa nini tunazunguka hapa tu? Daftari haina ukurasa ingine?"

Akanieleza bila kuona haya. Kuna shirika moja linalotafuta wakalimani, na mtihani wao alikuwa ameufanya mara tatu. Mara ya kwanza ukurasa wa mwisho ulikuwa wa misemo hiyo, ya kufanana na ya kutofautiana, na maneno na kinyume chake. Hakuwahi kuiona maishani mwake. Akaanguka. Akatafuta kitabu kisicho na jalada, akakopi chote. Mara ya pili alipata nusu. Mara ya tatu alipata ukurasa mzima bila kosa hata moja.

"Na kazi?"

"Walichukua mutu mwenye kujua kuendesha gari."

"Na weye bado unafundisha ukurasa ule ule?"

"Batoto wangu hawa hawataanguka pale nilianguka."

Nikaenda kufungua depo.

Ndipo mzigo ukaja kutoka Kampala. Paketi kumi za mabati, oda ya Papa Mbusa, rais wa kamati inayojenga shule ya kanisa Mudzipela. Papa Mbusa si mtu wa mchezo. Alikuwa amechukua bati langu la mfano, akalipiga kwa kucha, akakunja kona, akaikunjua. "Kama hii, Mama. Haiko ingine." Kamati ilinipa majuma mawili. Na nilijua mfanyabiashara mwenzangu wa Boulevard alikuwa anawapigia simu kila asubuhi kuwauliza kama Mama Mbambu ameshindwa. Kazi ile ikinitoka, haitoki peke yake. Watu wa kanisa wanakaa pamoja kila Jumapili, na wanaongea.

Nilizipima paketi zote pamoja na Prof, kwenye mizani ya Godelive ya maharagwe, kwa sababu kidole changu kilikuwa kimeshakataa. Rangi moja, muhuri mmoja. Lakini sita zilikuwa na uzito wa mfano, na nne zilikuwa nyepesi, nyembamba kama karatasi ya sigara. Nikatuma picha Kampala. Sauti ikarudi, Prof akatafsiri: "Anasema kwa picha zinafanana. Atakuja Bunia siku ya nne kuona wateja, ataangalia mwenyewe."

Vizuri. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nitasema zote kumi mbaya. Huo si uongo. Ni mahali pa kuanzia. Mnunuzi anasema zote mbaya, muuzaji anasema zote nzuri, na ukweli uko katikati unawangoja wafike. Kila mtu wa soko letu anajua hivyo, hata mtoto anayetumwa chumvi. Nilitaka nne zibadilishwe, na sita zishuke bei kidogo kwa ajili ya usumbufu.

Binti wa Kampala akaja na viatu vya michezo na miwani ya jua. Prof alisimama pembeni na daftari lake kwapani. Nilitaka kuongea mwenyewe, nimpe mwalimu wangu heshima. Nikaonyesha bati la mfano, nikaonyesha mrundo, nikasema kwa sauti ya mtu aliyesoma:

"Sample and this one: chalk and cheese!"

Akanitazama. Akamtazama Prof. Akamuuliza kama nauza fromage pia.

Prof akaeleza, jasho likimtoka. Yule binti akacheka sana, si kwa ubaya, akasema kitu. Nikauliza: "Anasema nini?"

"Anasema Kampala hakuna mutu anaongea vile," Prof akajibu polepole. "Anasema labda mwalimu wa bibi yake."

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukianguka hivyo bila kofi. Lakini sikuwa na muda wa uso wa Prof. Nikachukua bati la mfano nikalikunja kona, likagoma. Nikachukua lile jembamba, likajikunja kama jani la ndizi. "Same?" nikasema. "Not same." Maneno ya siku ya kwanza. Alielewa pale pale, akavua miwani. Kisha akamgeukia Prof, akauliza kama ni zote kumi. Hilo nililielewa mwenyewe.

"Muambie zote," nikasema.

"Mama, si zote. Tulipima pamoja. Ni nne."

"Najua ni nne! Sema kumi, yeye atasema mbili, tutafika kwa nne. Na zile sita atashusha bei."

"Na akikubali kumi?"

"Prof, toka uzaliwe uliisha kuona mutu anakubali kumi?"

"Ameniuliza miye, Mama. Hakukuuliza weye."

Akageuka, akamwambia. Hakutumia msemo hata mmoja. Sita sawa na mfano, nne tofauti. Kiingereza cha mtoto wa darasa la kwanza, na kila neno nilikuwa nimelilipia kwa mabati.

Binti akaomba mizani. Godelive akaileta, amefurahi kupata sinema ya bure. Zikapimwa zote kumi: sita, na nne. Hapo yule binti akaongea kwa muda mrefu, na Prof akatafsiri yote. Kwamba kila mteja wake, Arua, Mahagi, hapa, anamwambia zote ni mbaya, na kwa hiyo haamini yeyote. Kwamba alikuwa amekuja kunikatalia miye pia, na uamuzi huo aliupitisha akiwa bado kwenye mashua. Kwamba wanunuzi wa Kongo ni waongo wenye heshima.

"Hiyo ya waongo, ulikuwa na lazima ya kuitafsiri?" nikamuuliza.

"Amesema, Mama."

Paketi nne zilibadilishwa kwa siku nane. Papa Mbusa alizipiga kwa kucha, akakunja kona, akaridhika, na shule ikaezekwa kabla ya tarehe. Yule wa Boulevard aliacha kupiga simu. Kazi ilibaki kwangu, na jina pia. Kwa zile sita sikupata punguzo hata la kikombe cha chai.

Prof yeye aliitwa pembeni kabla binti hajaondoka. Binti alitaka mtu wa kusimama Kasenyi, kupima kila paketi ikishuka mashuani, na kumwambia ukweli. Prof aliomba siku moja aongee na mke wake. Kesho yake akakubali mshahara wa kwanza uliotajwa. Niliposikia kiasi, niliumwa kweli.

"Ungeongeza hata kidogo! Alikuwa na haja na weye!"

"Inatosha, Mama."

Masomo yangu kumi na nane yaliyobaki yakaenda naye Kasenyi. Akasema atanifundisha kwa simu siku ya Posho, yaani Jumamosi. Amenifundisha mara mbili. Mara zote mbili mtandao ulikatika.

Mwezi uliopita mzigo mpya ulishuka. Soko lilikuwa limelala, nikaona nijaribu bahati. Nikapiga Kasenyi.

"Prof, hizi paketi za juma hili, zote ziko nyepesi."

"Mama, nimezipima asubuhi moja moja. Zote ziko sawa na mfano."

"Hata moja haipunguki?"

"Hata moja."

Nilikuwa nimekwisha kuzipima nami kwa Godelive. Alikuwa anasema kweli. Mabati ninayopata sasa ni mazuri kuliko yote niliyowahi kuuza, na sina tena mahali pa kuanzia. Nikamsalimia mke wake, nikakata simu, nikalipa bei nzima.